Damu tatu za nyumba moja: kisa cha mbwa wa msasi

Mbwa alikuwa akikohoa. Ndilo neno la mwanzo alilolisema mzee, hata salamu hazijesha, na kwa msasi wa Unguja Kusini hilo si jambo dogo: mbwa akikohoa msituni, nguruwe wanamsikia yeye kabla yeye hajawasikia wao. Mshale, ndilo jina la mbwa, alikuwa na umri wa kama miaka sita. Miaka yote alikuwa wa mbele. Msimu ule akawa wa nyuma, na akifika husimama mbavu zikipanda na kushuka, akatoa kikohozi kikavu. "Kama mvuta tumbaku," mzee alisema, "na tumbaku nilikuwa nikivuta mimi, si yeye."

Daktari wa mifugo aliyempokea ni rafiki yangu. Mimi ni fundi wa maabara ya binadamu, na nimeingia katika kisa hiki kwa sababu moja tu: hadubini ya rafiki yangu ilikuwa imeungua taa. Nakiandika kwa ruhusa ya mzee, aliyenambia nisimulie yote ila jina lake na la kijiji chake nimwachie mwenyewe. Ndani yake nimekosea mara mbili. Kosa moja lilikuwa la uzembe. La pili ni la mtu aliyesoma kidogo akajiona amesoma sana, na hilo ndilo lililokula muda.

Kuingiza damu ya mbwa kwenye maabara yetu kulikuwa na maneno yake. Sisi wa madhehebu ya Shafii tunaijua hukumu: palipoguswa na majimaji ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mwenzangu wa zamu alicheka kwanza, kisha akaniletea udongo safi ndani ya kopo la maziwa ya unga na kuliweka juu ya sinki bila kusema kitu. Nilifanya kazi kwenye meza ya nje, glavu jozi mbili, na kopo likatumika.

Tone la damu mbichi, kioo juu yake, lenzi ndogo. Havikuchelewa kuonekana. Vijinyoo vyembamba kama uzi wa buibui vilikuwa vikijipinda kati ya chembe nyekundu, vikizisukuma huku na huku. Kimoja kilikata duara zima la hadubini kikatokomea upande wa pili, nikawa nasogeza slaidi kukifuata kama anayemfukuza kuku. Naomba msomaji akiweke akilini kile kijinyoo kilichotokomea. Mimi sikukiweka.

"Minyoo ya moyo," rafiki yangu alisema papo hapo. Mbwa anakohoa, anachoka, ana vijinyoo damuni, anaishi pwani yenye mbu: nani asingesema hivyo? Minyoo ya moyo, yaani Dirofilaria immitis, huletwa na mbu. Mnyoo jike mzima hufika sentimita 25 hadi 30, hukaa kwenye mishipa mikubwa inayotoka moyoni kwenda mapafuni, na huingia hata moyo wenyewe. Vijinyoo vya damuni ni watoto wake. Mbwa hukohoa, hupungua pumzi, mwishowe moyo hushindwa.

Rafiki yangu alikuwa na kaseti mbili za kupimia minyoo hiyo, alizoletewa na mtu aliyesafiri. Tukaweka matone, tukaangalia saa. Dakika kumi zikapita. Mstari wa kuthibitisha kwamba kaseti inafanya kazi ukatoka mwekundu, mzuri. Mstari wa ugonjwa haukutoka kabisa.

Vijinyoo vinaonekana kwa macho. Kaseti inasema hamna.

*

Kabla hatujaamua lolote, mzee alipandisha upindo wa msuli wake hadi karibu na goti. Mguu wa kulia ulikuwa mnene kutoka kifundo hadi chini ya goti, ngozi ngumu yenye mikunjo, kama gome la mwembe mkongwe. Matende. Alikuwa nayo tangu ujanani. "Mwanangu," aliniuliza, "hawa wa mbwa ndio walionifanya hivi?"

Rafiki yangu alitaka kucheka. Mimi sikuona la kuchekesha, kwa sababu swali la mzee lina mantiki kuliko alivyojua mwenyewe. Mbu yule yule wa majumbani, Culex quinquefasciatus, anayezaliana kwenye vyoo vya shimo na maji machafu, ndiye anayebeba minyoo ya matende huku Unguja, na pia ni mmoja wa mbu wanaoweza kubeba minyoo ya moyo ya mbwa. Minyoo yenyewe ni ya ukoo mmoja. Na si mbali na hapa, kwenye kisiwa cha Pate karibu na Lamu, mwaka 1958 wataalamu Buckley, Nelson na Heisch walieleza mnyoo wa ukoo huo waliouona ndani ya paka, mbwa na kanu. Leo anaitwa Brugia patei, jina la kisiwa chetu cha Waswahili limebandikwa kwenye mnyoo. Huko Asia, Brugia malayi inayowapa watu matende hukaa pia ndani ya paka na kima. Basi mtu akiuliza kama mbwa wake ndiye aliyempa matende, hajauliza upuuzi.

Ila kwa Zanzibar jawabu ni hapana. Minyoo ya matende ya hapa ni Wuchereria bancrofti, na huyo hana mnyama anayemhifadhi. Anatoka kwa mtu, anaingia mbu, anarudi kwa mtu. Minyoo ya moyo ya mbwa nayo ikiingizwa mtuni na mbu hufa njiani, mara nyingine ikaacha kovu la duara kwenye pafu linaloweza kumtisha daktari wa picha akadhani ni saratani. Mguu haivimbishi.

Mzee alisikiliza, akatikisa kichwa. Halafu akaanza kusimulia jambo nililokuwa nimelisoma tu: zile chenga nyeupe. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Makunduchi, watafiti walimwaga chembe za polistirini, zile nyepesi za kufungia redio, ndani ya vyoo vya shimo vyenye maji. Zikaelea na kufunika uso wa maji, viluwiluwi vya mbu vikakosa pumzi. Watu wakapewa na dawa. Kabla ya hapo karibu nusu ya waliopimwa walikuwa na vijinyoo vya matende damuni. Mzee alikuwa na jamaa zake kule. "Tulidhani wametutilia mchele chooni," alisema.

Yeye mwenyewe hakumbuki kupimwa damu hata mara moja. Vidonge amemeza, maana tangu 2001 Unguja na Pemba zote ziligawiwa ivermektini na albendazoli nyumba kwa nyumba. Kidole hakikutobolewa. Akaomba apimwe, na mjukuu wake wa miaka tisa apimwe pia, kwa sababu ndiye anayelala karibu na banda la mbwa. Tukapita kwa sheha, tukapita kituo cha afya, tukapata ruhusa na tepe chache za kupimia matende. Wiki iliyofuata nikawa barazani kwake.

*

Sasa kosa la uzembe. Utepe wa matende huwekwa damu kidogo ya kidole, mikrolita 75, na husomwa baada ya dakika kumi. Si dakika tano, si thelathini. Nilitoboa kidole cha mzee, nikatoboa cha mtoto, nikaweka tepe mbili kwenye sinia. Hapo hapo ikaletwa chai na muhogo wa kuchemsha, na mvua ikaja kwa upepo, tukahamia ndani, mzee akaanza kisa cha nguruwe aliyemrarua mbwa wa kwanza. Niliporudi kwenye sinia ilikuwa imepita kama nusu saa.

Utepe wa mzee, mwenye mguu wa matende: hamna mstari. Utepe wa mtoto, mzima, anayecheza mpira: mstari wa pili, hafifu, rangi ya chai ya maziwa.

Mama wa mtoto alikuwa amesimama mlangoni. Aliutazama utepe, akautazama mguu wa mkwewe, kisha akautazama mguu wa mwanawe. Hakusema neno. Nimefanya kazi ya maabara miaka mingi, na sijapata kuona mtu akisoma majibu upesi namna ile, na akayasoma vibaya namna ile, na kosa likawa langu.

Kwa nini mzee alikuwa hana mstari? Kwa sababu utepe hautafuti mguu. Unatafuta antijeni, yaani kitu anachokitoa mnyoo mzima aliye hai na kuzagaa katika damu. Minyoo ya mzee imekufa zamani, kwa umri wake wenyewe na kwa vidonge. Ilichoacha ni mishipa ya limfu iliyoharibika, na hiyo haitibiki kwa kidonge. Inataka kuoshwa kwa sabuni kila siku, kukaushwa vizuri kati ya vidole, kuinuliwa mguu, na kuwahi kila kidonda. Mguu ni historia. Utepe unasoma habari za leo tu.

Na mtoto? Kesho yake nilirudi na saa ya kengele mkononi. Utepe mpya, dakika kumi juu ya alama, mbele ya mama: hamna mstari. Nikarudi tena saa tano usiku kuchukua damu ya slaidi, maana vijinyoo vya matende vya huku hujificha mapafuni mchana na kutoka damuni usiku, kati ya saa nne na saa nane. Slaidi safi. Mstari ule hafifu ulikuwa wa kuchelewa kusoma. Kadi za zamani zilizotangulia tepe hizi zilijulikana sana kwa tabia hiyo: ziache kidogo zikauke, nazo zitakutungia ugonjwa.

Lakini hata kama ningesoma kwa wakati na mstari ukatokea, nisingemwambia mama yule kwamba mwanawe ana matende, na sababu yake ni ya hesabu. Chukua watu 1,000. Tuseme kipimo kinawakamata wagonjwa wote, na kinakosea kwa mtu mmoja kati ya kila 100 walio wazima. Katika Makunduchi ile ya zamani, wagonjwa wakiwa 500, wazima ni 500. Mistari ya uongo itakuwa mitano. Mistari 505, ya kweli 500. Ukiuona mstari, uamini. Sasa leta kipimo kile kile, bila kukibadilisha hata chembe, kwenye kijiji kilichomeza dawa miaka mingi na kubakiwa na wagonjwa wawili tu. Wazima ni 998, mistari ya uongo karibu kumi. Utaona mistari kumi na miwili, ya kweli miwili. Kipimo hakikuharibika. Kijiji kimepona, na kupona kwake kumeufanya mstari uwe mwongo. Hapo ndipo lazima kuwe na kipimo cha pili cha kuuliza cha kwanza.

*

Nirudi kwa mbwa, ambako nilijitia ujuzi.

Nilikuwa nimesoma kwamba kaseti za minyoo ya moyo huweza kusema hamna wakati wamo. Mbwa mwenye madume matupu haonekani, kwa kuwa antijeni inayotafutwa hutoka zaidi kwa majike. Mbwa aliyeambukizwa karibuni haonekani, kwa kuwa minyoo huhitaji kama miezi sita kukomaa. Nikajenga hoja yangu kwa ustadi kabisa: vijinyoo vimo damuni, basi kuna majike waliokomaa, basi sababu hizo mbili zimeanguka. Ikabaki ya tatu, nayo ndiyo niliyokuwa na hamu nayo: kingamwili za mbwa mwenyewe, yaani askari wa mwili wake, zimezishika antijeni na kuzifumba, kaseti ikakosa pa kuzikamata. Dawa yake inajulikana. Unachemsha seramu, yaani maji ya damu yasiyo na chembe, nyuzi 104 kwa dakika kumi, kingamwili zinaharibika, antijeni inayostahimili joto inaachiwa, unazungusha kwenye mashine, unapima maji ya juu.

Nikamaliza karibu wiki mbili nikitafuta pa kupata joto hilo. Birika halifiki nyuzi 104. Nikaazima kifaa, nikachemsha, nikazungusha, nikatumia kaseti ya pili na ya mwisho. Hamna.

Rafiki yangu, kwa udadisi tu, akasema tumjaribu mbwa kwenye utepe wa binadamu. Nakiri niliupoteza utepe mmoja wa serikali kwa jambo hilo. Wazo lenyewe halikuwa la kipuuzi, na ili lieleweke sharti nitoke kijijini kidogo.

Vipimo vya minyoo hii vimekuwa vikivuka kati ya mtu na mnyama kwa muda mrefu, huku na kule. Mwaka 1939 mtaalamu aitwaye Knott alichapisha njia ya kufanya sensa ya minyoo ya matende kwa damu ya mchana, ili asiwaamshe watu usiku wa manane. Njia yake leo inatumika zaidi kwa mbwa. Wanafunzi wa udaktari wa mifugo duniani wanaijua kwa jina lake, na wengi hawajui kwamba ilizaliwa kwa ajili ya watu. Kisha ikaja safari ya upande wa pili. Katika miaka ya 1980, Gary Weil na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, Marekani, walikuwa wakichunguza antijeni za minyoo ya moyo katika damu ya mbwa. Mbwa ni rahisi: unaweza kumwambukiza ukijua siku, ukampima kila wiki, mwishowe ukahesabu minyoo kwa mkono. Kwa mtu huwezi lolote kati ya hayo. Kutokana na kazi hiyo ikapatikana kingamwili inayoitwa AD12, nayo inashika sehemu ya sukari iliyomo katika antijeni ya minyoo ya mbwa na iliyomo pia katika antijeni ya minyoo ya matende. Ndiyo iliyotiwa kwenye kadi za miaka ya 1990, na ndiyo iliyomo ndani ya utepe niliousahau barazani. Australia nao walitoa kingamwili nyingine, Og4C3, kutoka kwa Onchocerca gibsoni, mnyoo wa ng'ombe. Hata kidonge chenyewe, ivermektini, kilianza kwa mifugo mapema miaka ya 1980, watu wakafuata 1987.

Faida yake kubwa watu wa vijijini waliiona bila kuijua: antijeni ya minyoo ya matende haijali saa. Mpimaji anaweza kuja skuli saa tatu asubuhi. Hasara yake ni kwamba sukari ile haimilikiwi na mnyoo mmoja. Afrika ya Kati watu wenye Loa loa nyingi, yaani mnyoo wa jicho, wamewasha mistari ya matende wasiyokuwa nayo. Na mbwa mwenye minyoo ya moyo, kwa mantiki hiyo hiyo, anaweza kuwasha utepe wa mtu. Mshale hakuuwasha.

Hapo nilikuwa na majibu matatu ya hamna, na bado nikasema kwa kinywa changu: "Vipimo vyote vimedanganywa." Ukifika mahali pa kusema hivyo, aliyedanganyika mara nyingi ni wewe.

Aliyeniokoa ni mwenzangu yule wa kopo la udongo. Aliuliza, "Umeshavipima urefu?" Sikuwa nimevipima. Sababu iliyokuwa nyepesi kuliko zote, kwamba huenda hii si minyoo ya moyo hata kidogo, sikuiweka kwenye orodha yangu ya ustadi.

Tukafanya njia ya Knott. Mililita moja ya damu kutoka kichupa cha kifuniko cha zambarau, mililita tisa za formalini ya asilimia 2, tikisa hadi damu ipasuke, zungusha, mwaga maji ya juu, weka tone la rangi ya buluu ya methilini kwenye masimbi yaliyotuama chini, tazama. Gharama yake haifiki bei ya soda. Vijinyoo vikalala vimenyooka, vimetiwa rangi, vinangoja kupimwa kama vitambaa kwa fundi. Nilipima ishirini. Wastani wao ulikuwa mikromita 268. Vya minyoo ya moyo kwa kawaida huwa karibu 300 au zaidi, kichwa kimechongoka, mkia umenyooka. Hivi vilikuwa vifupi, kichwa butu, na baadhi mkia umejikunja kama ndoana. Acanthocheilonema reconditum: mnyoo wa chini ya ngozi ya mbwa, asiyesumbua, asiyeletwa na mbu. Huletwa na viroboto.

Nikakumbuka siku ya kwanza. Mshale alikuwa akijikuna mezani hadi kopo likatikisika. Nikakikumbuka na kile kijinyoo kilichokata duara na kutokomea. Vya minyoo ya moyo hujitupatupa pale pale, kama samaki juu ya ngalawa; vya huyu husafiri. Jawabu lilipita mbele ya jicho langu dakika ya pili, mimi nikalifukuza kwa kusogeza slaidi.

Na kujua ni mnyoo gani si kupenda majina tu. Mbwa mwenye minyoo ya moyo na vijinyoo vingi akipewa ivermektini bila uangalifu anaweza kuzimia, vijinyoo vikifa kwa mkupuo. Kwa watu wa Afrika ya Kati wenye Loa loa nyingi dawa hiyo hiyo imeleta madhara ya ubongo.

*

Rafiki yangu aliniuliza, tukiosha vyombo: kwa nini basi tusitengeneze kipimo chetu, kimoja, cha mbwa na watu wa visiwani?

Watu hudhani kazi ni kupata ile kingamwili. Hiyo ni sehemu ya maabara kubwa, na siku hizi hata antijeni inaweza kutengenezwa bila kumwona mnyoo, kwa kuiandikia bakteria maelekezo. Kazi inayochosha ni damu za kujaribia. Unahitaji seramu za walio na ugonjwa, waliothibitishwa kwa njia nyingine. Unahitaji za wazima, na wazima wa hapa, si wa Ulaya, maana mzima wa Pemba amepitia kichocho, safura, minyoo ya tumbo na malaria, na damu yake ina kumbukumbu za vyote. Unahitaji za wenye maradhi yanayofanana. Kwa mbwa unahitaji wa minyoo ya moyo, wa viroboto kama Mshale, na wasio na kitu. Ndipo unachora mpaka: kuanzia hapa ni ndiyo, chini yake ni hapana. Ukiusogeza juu unawakosa wagonjwa, ukiushusha unawatisha wazima.

Zanzibar iko katika hali ya ajabu hapo. Kadiri vidonge vilivyofanya kazi, ndivyo damu yenye ugonjwa ilivyoadimika. Za zamani zingefaa, kama ziligandishwa zikabaki zimeganda. Na kila mwenye friza Unguja anaukumbuka ule umeme uliokatika Desemba 2009 ukarudi Machi 2010. Mimi mwenyewe nilikula samaki wa majirani wanne kwa wiki moja, hawana pa kuwaweka. Seramu iliyoyeyuka na kugandishwa tena si shahidi wa kutegemewa.

Haina maana kwamba haiwezekani huku kwetu. Pemba ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, Wawi, Chake Chake, inayofanya kazi tangu 2000, na kazi ya kulinganisha vipimo vya minyoo kwa watu wa huku wameizoea. Ningekuwa na la kuwaomba, ningeomba tusianze na kipimo kimoja cha viumbe viwili. Mbwa wetu ni wachache, wengi ni wa wasasi na wa mitaani, na kwa mbwa mmoja anayekohoa hadubini na formalini vinatosha. Kwa watu, ningeomba kipimo cha pili kisichotegemea sukari ile ile, cha kuuliza cha kwanza pale mstari unapotokea kwa mtoto. Vipo vinavyotafuta kingamwili za mtu dhidi ya Wb123, protini ya hatua ya mnyoo anayeingia na mbu. Kwa mtoto aliyezaliwa baada ya vidonge, kingamwili hizo zingekuwa habari nzito. Kwa mzee wa miaka sabini zingekuwa masimulizi ya ujana.

*

Nilirudi kijijini mara ya mwisho na rafiki yangu. Mshale alikuwa ameogeshwa dawa ya viroboto na banda lake limefukizwa. Alipewa pia dawa ya kifua. Kikohozi kilipungua, hakikuisha, na hatukukipatia jina. Kipimo cha minyoo kilitwambia si minyoo ya moyo, hakikutwambia ni nini. Hawindi tena mbele. Mzee amempata mbwa kijana wa kumfundisha, na Mshale huenda naye kama mwalimu mstaafu.

Nilimweleza mzee yote, na kosa langu la kuchemsha seramu pia. Alicheka sana kwa hilo. Mguu nilimwonesha namna ya kuukausha kati ya vidole, akasema Bi mkubwa wake alikuwa akimwambia hivyo hivyo miaka yote na yeye hakumsikiliza.

Mama wa mtoto hakucheka. Alitaka majibu ya mwanawe kwenye karatasi, yenye muhuri. Nikaandika: hana maambukizi. Akaisoma, akanirudishia.

"Andika na saa," alisema. "Saa uliyoweka damu, na saa uliyosoma."

Nikaandika: saa 3:20, saa 3:30. Akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mkoba pamoja na kadi ya kliniki.